Supu ya Kuku Mwingine

Mke wangu alipolazwa hospitalini Meru kupasuliwa tumbo, hakuniachia neno kuhusu ng'ombe wala kahawa iliyokuwa imeanza kuiva. Aliniambia tu, "Uniangalizie kuku wangu." Nikamjibu kwamba kuku ana macho yake mwenyewe. Ndivyo tunavyoongea sisi wawili, na kuku alikuwa ugomvi wetu wa kila siku.

Alikuwa mwekundu, mzee, utagaji umeshamwisha. Aliingia jikoni kama mwenye nyumba na mke wangu akampisha. Mimi nilimtoa kwa ufagio na kumkumbusha kwamba sufuria iko pale inamngoja.

Alichodonoa kwenye magunia sikijui. Asubuhi moja nilimkuta amejikunyata kando ya zizi, mdomo wazi, na kile kifuko cha chakula pale shingoni kimekuwa kigumu kama ngumi. Muuzaji wa dawa za mifugo pale Githongo akasema chakula kimekwama: nimnyweshe mafuta ya kupikia kidogo, nimkande polepole, nisimpe mahindi kabisa. Akaongeza kwamba wakiwa na umri huo wengi hawaponi.

Dada yangu, aliyekuja kunipikia, alikuwa na dawa yake. "Mpige kisu kabla hajajifia. Akijifia hatumli. Na mgonjwa wako hajatia kitu mdomoni tangu apasuliwe. Mpelekee supu."

Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na supu ya kuku wa kienyeji ndiyo inayojulikana kurudisha damu. Dada yangu hakukosea. Mke wangu alikuwa amekataa kila chakula, hata uji, na wauguzi walikuwa wameanza kunongonezana. Lakini nilipomshika yule kuku, nikahisi moyo wake unavyokwenda mbio chini ya kiganja changu, nikashindwa. Niliogopa, nasema wazi. Niliona kama nikimwacha huyu aende, na yule wa hospitalini ataenda.

"Haya, majuto ni mjukuu," dada yangu akasema. Nikanunua jogoo sokoni, akampika, tukapeleka supu ndani ya chupa ya chai.

Mke wangu alinusa tu, akageukia ukutani. "Umemchinja."

"Sijamchinja. Huyu ni jogoo wa soko."

"Ulikuwa unangoja nitoke."

Niliapa, hakugeuka. Lakini kwa vitisho vyote nilivyomtolea yule kuku, nani angeniamini? Nikamwacha dada yangu pale kando ya kitanda na chupa yake, nikarudi nyumbani nimenuna, nimemkasirikia mke, nimemkasirikia kuku, na mimi mwenyewe zaidi.

Kuku alikuwa kwenye karai karibu na jiko, palipo na joto. Nikapiga simu, dada yangu akamwekea mke wangu sikioni. "Msikilize mwenyewe," nikasema, nikailaza simu ukingoni mwa karai. Ndege aliyenipigia kelele miaka yote, leo hana hata neno moja la kuniokoa.

Nikapapasa kile kifuko. Kilikuwa kimelegea kidogo, kidogo sana. Hapo nikaisahau simu. Nikakikanda kwa kidole gumba, nikachovya kidole kwenye uji mwepesi, nikampaka ncha ya mdomo. "Kula, mama," nikamwambia kwa Kimeru. "Kidogo tu. Ni mimi, usiogope. Usiniache peke yangu na nyumba hii." Akatikisa kichwa, uji ukaruka. Nikampaka tena, nikimwimbia upuuzi wa kuimbiwa watoto. Akameza. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kwenye simu nikasikia kicheko, kisha mguno wa mtu mwenye nyuzi tumboni.

"Nimeamini," mke wangu akasema. "Kuku aliyekufa haongeleshwi hivyo." Akajigeuza, kitanda kikalia. Nilidhani amechoka. "Miaka yote hii, hata mimi hujawahi kuniongelesha hivyo."

Siku nyingine ningemjibu kwa mzaha. Nikaichukua simu kwa vidole vyenye uji.

"Kula, mama," nikamwambia. "Kidogo tu."

Nikamsikia dada yangu akifungua chupa.