Kioo Kilichombana Baba

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi fremu. Nyumbani ni mpole mpaka anakera. Kijiko kikianguka, anakiomba samahani. Lakini akishafungua kile chumba chake cha kazi, chenye vumbi la mbao mpaka ndani ya kopo la sukari, anakuwa mtu mwingine kabisa. Mimi nakaa mbele napokea wateja, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Mteja anaingia na picha ya harusi. "Fundi, ipake gundi nyuma yote, isije ikajikunja." Shemeji anatikisa kichwa kama aliyeletewa taarifa ya msiba. "Hiyo gundi ndiyo itakayoikunja, dada yangu. Karatasi inatanuka na kunywea. Ukiibandika yote, itafanya mawimbi." Anakuja mwingine na fremu aliyookota barabarani kwa bei ya bure, na cheti kikubwa kuliko fremu yenyewe. "Kipunguze hapa pembeni, kiingie." Shemeji anamwangalia mikono. "Na wewe viatu vikikubana huwa unapunguza vidole?" Mimi pale mbele najifanya natafuta kitu chini ya meza, kwa kicheko.

Lakini kinachompandisha mori hasa ni kioo. Sijui nani aliwafundisha watu kwamba kioo kikiibana picha sawasawa ndiyo usalama wake. Karibu kila anayeingia anaamini hivyo. Shemeji ataeleza mpaka povu limtoke: kioo hutoa jasho, unyevu ukiingia unakaa pale katikati hauna pa kwenda, picha inalainika, inanasa. Ndiyo maana yeye huweka kadi nene iliyokatwa dirisha katikati, picha ikae nyuma yake, kioo kisiiguse. Mteja akibisha, anarudishiwa picha yake mkononi. Nimemwona akimrudishia mkuu wa shule mbele ya walimu wake.

"Shemeji, utatuua njaa," nilimwambia siku hiyo.

"Njaa nimeizoea," akasema. "Lawama bado."

Sasa, Baba yetu hakupenda kamera. Alipofariki tuligundua tuna picha yake moja tu, ya kuchapwa, hakuna filamu yake wala nini. Yuko na shati la kazini, anacheka, anamwangalia mtu aliye pembeni ambaye hatutamjua kamwe. Mama aliileta dukani mwenyewe, ameikumbatia. Nilikuwepo. Shemeji aliipokea kwa mikono miwili, akachagua kadi nyeupe, akaanza kuipima juu ya picha.

Mama akamsukuma mkono. "Mkwe wangu, sitaki makadi yako hayo. Utaniwekea mume wangu dirishani kama mfungwa. Kioo kimbane vizuri, nimwone karibu."

Nikatulia nisikie somo. Nikangoja povu. Loo!

"Sawa, Mama," akasema. Basi, ikawa imeisha hivyo.

Mama alipoondoka nilimvaa. "Shemeji, mbona leo umemeza ulimi?" Akanijibu bila kuinua uso, "Huyo ni mama mkwe. Nianze kubishana na mama mkwe?" Akaitengeneza alivyoagizwa, akaenda kuitundika pale Mama alipotaka, kwenye ukuta uliopakana na bafu. Niliona akiugusa ule ukuta kwa kiganja, akafungua mdomo, akaufunga, akapiga msumari.

Miaka ikapita. Kila aliyeingia sebuleni kwa Mama aliisifu ile picha, na Shemeji akisifiwa alikuwa anaaga haraka. Sisi tulidhani ni unyenyekevu.

Ndipo alipokuja shangazi, dada yake Baba. Shangazi na Mama ni mawifi wa zamani. Wanapendana, lakini kila mmoja anahesabu vumbi la nyumba ya mwenzake. Safari hii shangazi alikuja mnyonge. Alisema uso wa kaka yake umeanza kumpotea kichwani, anaamka asubuhi anautafuta haupati. Aliomba tu picha itolewe, akachapishiwe nakala aende nayo. Hata Mama akalainika. "Mkwe wangu, mtolee," akasema.

Shemeji aliishusha fremu, akatandika taulo mezani, akailaza kifudifudi. Aking'oa misumari midogo ya nyuma, mikono ilikuwa imara. Alipoondoa ule ubao mwembamba, karatasi ilikuwa na doa la kahawia kubwa kama sahani. Akaigeuza fremu, akakitazama kioo kwa upande, dhidi ya mwanga. Kwenye paji la uso wa Baba na shavu moja palikuwa panang'aa kama pamelowana.

"Imenasa," akasema.

"Imenasa nini?" shangazi akauliza.

"Picha. Imeshika kwenye kioo."

Mama akasimama. "Inashikaje na fundi ni wewe? Za watu baki unazitengeneza mpaka wanakusifu mji mzima, ya mkweo ndiyo ukailipua!"

Dada akaniangalia. Mimi nikaangalia zulia. Wote wawili tulijua nani aliyesema kioo kibane, lakini utamsahihishaje mama yako mbele ya wifi yake? Natamani ungeona lile jasho shingoni kwa Shemeji. Neno moja tu lingemtoa lawamani, na hakulisema.

"Nisamehe, Mama. Kazi ni yangu."

"Aibu gani hii!" Mama akasema, na akasema tena. Mimi uso uliniwaka moto utafikiri ni mimi ninayetukanwa. Dada alikuwa ameshika pindo la gauni lake, analikunja na kulikunjua.

Shemeji akajikaza. Akaeleza taratibu kwamba bado hakijaharibika kitu: wasiivute, waiache hivyo hivyo, aipige picha kupitia kwenye kioo, na shangazi atapata nakala yake safi.

"Hebu nipishe!" Mama akasema. "Unyevu tu huo. Fundi mzima anaogopa karatasi." Na kabla hatujamfikia alikuwa ameshika kona, akavuta.

Ilitoa sauti ndogo, kama plasta inayobanduliwa kwenye ngozi. Shangazi akapiga ukelele. Kwenye karatasi, mahali pa jicho la Baba na nusu ya kicheko chake, palikuwa peupe. Jicho lilibaki kwenye kioo.

Mama alikuwa na ile karatasi mkononi. Shemeji akaitoa polepole vidoleni mwake, akailaza mezani, akakitoa kioo kwenye fremu, akakishusha juu yake, akakisogeza kidogo, tena kidogo, mpaka jicho likakaa mahali pake. Baba akarudi, ana mstari mwembamba kuanzia kwenye nyusi mpaka mdomoni.

"Sasa, hivi viwili havitenganishwi tena," akasema.

Mama akakaa. Akasema bila kumtazama mtu, "Wifi, mimi ndiye niliyemwambia kioo kibane. Kadi alikuwa nayo mkononi. Nikaisukuma."

Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia Mama akikiri kosa, hata la chumvi kuzidi kwenye mboga. Nilidhani Shemeji angeshusha pumzi. Badala yake uso ndio ukamshuka zaidi.

"Usijibebeshe, Mama. Wewe hukujua. Mimi nilijua." Akafuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na kitu. "Kila anayeingia dukani namkatalia, wengine mpaka wananitukana. Wewe nilikuogopa. Nikauita woga wangu heshima, kila nikija hapa naitazama, na bado nikanyamaza." Hapo mwanamume mzima akageukia ukutani.

Shangazi alikuwa analia kimyakimya. Dada hakujua amfuate nani, mume au mama.

Mama akanyoosha mikono juu ya meza. "Nipe basi nimshike kidogo," akasema kwa sauti ya kuomba, ambayo pia sijaizoea. Dada akamkonyeza mumewe: mpe, mpe tu yaishe.

Shemeji akageuka, akaweka kiganja juu ya kioo.

"Sikupi, Mama."

Mikono ya Mama ilibaki hewani.

"Ukiinyanyua kioo kitateleza, na hapo sitaweza tena kumrudisha. Mtazame hapo hapo alipolala."

Mama akamtazama yeye kwanza, muda mrefu. Halafu akairudisha mikono mapajani, akavuta kiti, akainama juu ya meza, na akaziba mdomo kwa kiganja ili pumzi yake isifike kwenye kioo.