Rangi ya Kucha Kwenye Mkanda wa Gari

Eda ya mama ilipomalizika alitaka jambo moja tu: apelekwe Koboko, kwenye kaburi la baba huko Lurujo, kwa gari la baba mwenyewe. Siku ya mazishi waliokwenda makaburini ni wanaume. Yeye alibaki nyumbani kwetu Awindiri, mjini Arua, akakaa eda.

Gari lilikuwa uani, lakini mkanda wa taimingi, ule wenye meno unaofanya valvu za injini zifunguke kwa wakati wake, ulikuwa umechanikachanika. Baba alikuwa amekwisha kununua mpya. Tuliukuta chini ya kiti, bado umefungwa kwenye karatasi. Sikuwahi kufunga mkanda wa namna hiyo, ila sikutaka mtu wa gereji aifungue karatasi ile.

Shemeji yangu, aliyewahi kuendesha malori ya jeshi, alikaa juu ya karai akinisimamia.

"Kabla ya kutoa, weka alama. Ikiruka jino moja, shemeji, hii gari tutasukuma mpaka uwanja ya Onduparaka, na mpira tutakuta imeisha."

Hatukuwa na rangi. Mama akaingia ndani, akarudi na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ambacho hakukigusa tangu baba afariki.

"Eda imekwisha, mama," nikamwambia. "Kesho utaihitaji."

"Ya kuonyesha nani? Wewe paka tu."

Nikapaka gia ya juu, gia ya chini na mkanda wa zamani, kisha kila alama nikaihamishia kwenye mkanda mpya kwa kuhesabu meno. Tukazungusha injini kwa spana, polepole, hadi alama zikarudi mahali pake. Injini ilipowaka, mama aliyekuwa mlangoni alijifunika uso kwa kitambaa. Ulikuwa mlio wa asubuhi zake zote.

Kesho yake tulifika Lurujo mchana. Mama alichuchumaa kaburini, akasawazisha udongo kwa kiganja.

"Nimekuja," alisema. "Mtoto amefunga ile mkanda yako."

Kisha akaniomba nitoe mzigo wake kwenye buti. Ulikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani.

"Mimi nabaki hapa kwa wifi yangu."

"Mpaka lini, mama?"

"Wewe ni mtu ya kutembea. Leo iko, kesho hakuna. Arua nitangoja nani?"

Nilimbebea mzigo hadi mlangoni kwa shangazi. Nilirudi peke yangu, kiti cha pembeni kitupu. Njia nzima injini haikukohoa hata mara moja. Nilitamani mkanda ukatike, nipate sababu ya kumrudia.