Ala ya kisu cha babu

Chekeni tu, leo wivu wangu umeniumbua hapa mtaa wa Mirongo.

Babu alirudi na kisu cha Kijapani kutoka vita vya Burma. Alipofariki, kaka yangu Masanja akarithishwa kisu.
Mimi? Ala yake ya mti!

Miaka mitatu roho inaniuma.

Leo tumekipeleka kwa mzee mmoja sonara. Moyoni naomba kiwe feki.
Akachomoa mpini, akachungulia kutu nyeusi ya chuma kilichofichwa ndani yake.
"Hiki cha kweli, tena cha zamani."
Masanja akanikonyeza. Kha!

"Ila jina la fundi na alikotoka sivioni hapa; wakati mwingine Wajapani huviandika kwenye ala ya mti. Iko wapi?" mzee akauliza.

Nikaitoa, inang'aa kama kioo.

Yale maandishi niliyapiga msasa mwenyewe, ili ala yangu ipendeze kuliko kisu chake.