Nilipoomba Mama Apumzike

Mama alipopatwa na kiharusi, nilifunga genge langu la mboga mjini Morogoro nikapanda mlimani kumuuguza. Sikupanda kwa moyo mweupe, niseme ukweli. Kaka yangu analima mpunga Dakawa, na mpunga, eti, hauachwi. Mama anaachika, mpunga hauachiki. Basi nikaenda mimi.

Upande mmoja wa mwili ulikuwa umelala, lakini sauti ilibaki. Aliita kutwa kucha.

"Mwanangu!"

"Abee, mama."

Maji. Nigeuze. Funga dirisha, ukungu unaingia. Mara nyingine hakuwa na shida yoyote.

"Nilitaka kujua kama upo."

"Nitakwenda wapi, mama?" nilimjibu, na si kwa upole kila mara.

Jumuiya yetu ya kanisa ilianza kusali nyumbani kwetu ili naye asikie Injili. Wenzetu walikaa sebuleni kwenye mikeka, yeye akiwa kitandani chumbani, mlango wazi. Kila wiki zamu yangu ya kuomba ilipofika nilisema, "Umponye mama yetu, ee Bwana," nao wakaitikia, "Twakuomba utusikie." Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo mtoto anavyotakiwa kusema.

Siku moja sikuwa nimelala hata kidogo. Kabichi zilikuwa zinaoza shambani, mgongo unaniuma. Zamu ikafika, nikafungua mdomo, likatoka neno jingine kabisa: "Umpumzishe mama yetu, ee Bwana."

Hakuna aliyeitikia. Kwa neno hilo tunawaombea marehemu, na mama alikuwa hai, palepale chumbani, anatusikia. Mwenyekiti wetu alikohoa, akaanzisha wimbo. Nilitamani ardhi inimeze.

Walipoondoka, nikasikia, "Mwanangu!"

"Abee."

Niliingia nikiwa nimeshaandaa maneno ya kujitetea. Hakunipa nafasi.

"Wa kupumzika ni mimi, au ni wewe?"

Nilikasirika. Nikamwambia hajui ninavyohangaika, hajui lini nimeshiba usingizi. Halafu hasira ikaisha, nikakaa pembeni ya kitanda, nikalia.

"Ni mimi, mama. Nimechoka."

"Basi mwambie Mungu hivyo hivyo. Mimi usinisingizie." Alicheka kwa ule upande wa mdomo uliokuwa mzima. "Mimi bado nataka kula mahindi mabichi ya msimu huu."

Miezi yote ile nilikuwa nimemwombea bila kumuuliza anataka nini. Nikamshika mkono, nikasali bila mapambo, labda kwa mara ya kwanza maishani: "Mungu wangu, nimechoka. Nataka kulala, ee Bwana."

Akaitikia yeye, peke yake, kwa ulimi wake mzito: "Twakuomba utusikie."

Toka siku hiyo alipunguza kuita. Nilijua anajizuia, na nililala. Ee, nililala! Alifariki wakati mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Msibani kila aliyenipa mkono aliniambia, "Mama amepumzika." Yeye hakuomba kupumzika. Aliomba mahindi.

Sasa nalala hadi jua linaingia dirishani, na hakuna wa kuniamsha. Usingizi wenyewe hauna ladha. Juzi nilikuwa shambani napalilia karoti, jirani akamwita bintiye kutoka bondeni: "Mwanangu!" Nikaitika mimi. "Abee!" Nilikuwa nimeshatupa jembe na kugeukia nyumbani ndipo nikakumbuka.

Jioni ile jumuiya ilikutana. Zamu yangu ilipofika sikutaka tena kusema kinachotakiwa kusemwa. Nilitafuta ninachokitaka kweli, na nilipokipata niliona aibu, kwa kuwa hakiwezekani. Nikakisema hivyo hivyo.

"Nataka mama aniite, ee Bwana."

Wakaitikia wote.