Jibu Nililompa Mkaguzi

Mwaka nilioanza falsafa seminarini nilirudi Kolwezi likizoni nikiwa na kichwa kikubwa. Sikumwacha mtu apumue. Mama mkubwa akisonga bukari, ugali wetu, mimi nimekaa pembeni namweleza matawi: mantiki inapima kama mawazo yetu yanafuatana, metafizikia inauliza kuwapo ni nini, elimu ya maarifa inauliza tunajuaje tunachodai kujua, maadili yanauliza tutende nini. Tawi la uzuri niliruka, maana padri wetu naye aliliruka. Mama mkubwa aliuliza kama yote hayo anafundisha mtu mmoja. Nikasema ndiyo. Akasema basi anachoka, maskini.

Alikuwa mjane wa kaka yake baba, aliyefia katika shimo la mgodi wa Musonoi. Kwa desturi yetu sisi tuliotoka Kasai, baba alimrithi, na mama yangu aliridhia. Yeye na mama walitwanga pamoja na kugombana pamoja kama watu wa nyumba moja. Lakini kanisani na katika daftari la kambi ya mgodi tulimoishi baba alikuwa na mke mmoja tu. Mke wa pili akijulikana, anaondolewa kambini.

Balaa ni kwamba mwaka ule baba aliomba kadi ya ustaarabu, ambayo serikali ya wakoloni iliwapa Waafrika wachache. Mwenye kadi ile hachapwi fimbo, na baba aliwahi kuchapwa huku sisi wanawe tukitazama. Ili uipate, mkaguzi mzungu alikuja kwako kuona kama mnalalia shuka na kula kwa uma. Uma tuliazima kwa jirani. Jibu kuhusu mama mkubwa tulilikariri wote: ni dada yake mama, amekuja kutembea, karibu atarudi Lubudi.

Mkaguzi alifika asubuhi na karani wake wa kutafsiri. Alifunua masufuria, akainama kutazama chini ya kitanda, akamuuliza baba maswali na baba akajibu vizuri. Kisha akaiona kanzu yangu. Akasema mseminari hadanganyi, hivyo nimwambie mimi huyu mwanamke ni nani.

Nafasi ya kufikiri nilikuwa nayo. Nilimwona baba akizitazama zile uma. Lakini kichwani somo lilikuwa limejipanga: kila uongo ni dhambi, jibu hili ni uongo, basi jibu hili ni dhambi. Nikajivunia jinsi lilivyofuatana. Nikasema ni mjane wa baba mkubwa, na baba amemrithi.

Mkaguzi alinisifu. Alisema kadi itatoka mwanamke akishaondoka, na mama mkubwa akapewa wiki mbili kurudi kijijini kwao. Baba alisema basi kadi haitaki tena, lakini jina la mama mkubwa lilikuwa limekwisha kuandikwa, na kadi au bila kadi angeondolewa. Kwangu hakupandisha sauti. Aliniambia tu:

“Ulikuwa unaweza kunyamaza.”

Siku ya treni nilimbebea mama mkubwa mzigo hadi stesheni. Njiani nilianza kumweleza habari za dhamiri, kwamba mtu hawezi kutenda ubaya hata kwa nia njema. Alingoja nimalize, akapokea mzigo wake.

“Kweli ulisema, mutoto yangu. Sasa uniambie: kule mi nitaenda kwa nani?”

Wazazi wake walikuwa wamekufa zamani, watoto hakujaliwa, na kijiji chake alikiacha akiwa msichana. Mimi niliyekuwa na jibu la kila kitu nilimshika tu mkono akapanda. Baadaye kadi ya baba ililetwa. Hakuitoa katika bahasha.

Muhula ulipofunguliwa tulipewa mtihani wa maadili. Swali lilikuwa: je, ni halali kudanganya ili kumwokoa mtu? Nilijibu kwamba si halali kamwe, nikatoa sababu tatu kwa mpango mzuri. Padri aliusoma mtihani wangu kwa sauti mbele ya darasa, uwe mfano kwa wenzangu. Niliinamisha uso kwa aibu. Sikuamini hata neno moja la nilichoandika.