Fundi Tayari na Fisi Maji

Wasimwite Fundi Tayari wamwite nani? Miaka thelathini na minne alipiga picha za pasipoti katika chumba chenye pazia la bluu, na hakubonyeza hata mara moja kabla ya kuuliza, "Tayari?" Hata mtoto mchanga alimuuliza. Siku moja, wanasema, alimuuliza maiti, akasubiri jibu mpaka wafiwa wakaomba viti. Hilo la maiti halina kiapo.

Zikaja simu, kila mwenye kidole akawa mpiga picha, studio ikafungwa. Mwaka huohuo mkewe akatangulia mbele ya haki. Nyumba ikaingia kimya cha ajabu: ukikohoa sebuleni, kikohozi kinarudi kukupa pole. Kila asubuhi Fundi alitoa vikombe viwili, akakirudisha kimoja.

Ndipo akanunua kamera ya kutega. Unaifunga kwenye mti, kiumbe akipita inajipiga yenyewe, nawe uko nyumbani umejilaza. Akaifunga kando ya mto, hatua mbili kutoka shimo la fisi maji, mnyama mwembamba kama soksi iliyoloa, mwenye masharubu ya mwalimu mkuu. Alikuwa na mtoto mmoja. Kila alasiri Fundi alikwenda kuchukua picha, akaja kuzichapa na kuzitazama mezani.

"Leo umechelewa, mama," alimwambia fisi maji wa pichani. "Mtoto hajambo?"

Picha zake mwenyewe, za kuinama kufungua kamera, alizipita upesi. Nani ana haja na sura anayonyoa kila siku?

Wiki ya tatu ikaja picha ya ajabu: mama kambeba mtoto mdomoni, maji yanamchuruzika, jua la asubuhi limemkalia mgongoni, macho kayakodolea kamera. Baada ya hapo hakuonekana tena. Fundi akasema ana shughuli zake, akaendelea kwenda.

Akampigia simu dada yake, aliyeolewa mbali.

"Dada, kuna mashindano ya picha za wanyama. Safari hii nashinda! Itatundikwa ukutani, watu wasimame waitazame."

"Na wewe utasimama na nani?"

"Na picha yangu."

"Utakuja kuoa ukuta, wewe! Hebu nitumie na yako. Miaka sita sijakuona, sijui hata kama pua bado ipo."

"Ipo, dada. Imezeeka tu."

Fomu ya mashindano ilikuwa na swali moja la kutilia sahihi: je, mnyama alisumbuliwa? Fundi akashika kalamu, kisha akazipanga picha zote mezani kama karata, ahakikishe. Katika ya kwanza fisi maji anapita zake. Katika ya pili kashtuka, maana ile kamera hulia *ka!* Katika ya tano anazungukia mbali. Katika ya tisa kachungulia kwanza, kichwa tu. Na ile nzuri, ile ya ushindi: mama hakuwa anapita. Alikuwa anahama.

Zilizofuata zilikuwa kumi na moja, za alasiri kumi na moja, na zote za mzee mmoja. Mdomo wazi, vifungo vya shati vimepishana, uso wa mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari.

Akaandika: *Ndiyo. Nilimhamisha mimi.* Kwa jibu hilo picha haiendi popote, na alijua. Akaikunja fomu, akaitia ndani ya kile kikombe cha pili.

Kesho yake akaenda kuifungua kamera. Shimo lilikuwa kavu, buibui kashatanda mlangoni. Kabla hajaigusa akafunga vifungo vyake sawasawa, akasimama mbele yake.

"Tayari?" akajiuliza. "Tayari."

Akasogea. *Ka!* Na bado akashtuka.

Jioni dada akapiga simu. "Pua nimeiona, alhamdulillahi! Na shati umelinyoosha. Nani kakupiga?"

Fundi akatazama meza. Akafikiri kutunga mtu, jirani, rafiki, yeyote.

"Hakukuwa na mtu, dada," akasema.