Mzee Magidu Aliyekataa Maji

Mzee Magidu aliendesha lori tangu ujana wake mpaka mvi zilipomjaa kidevuni. Alibeba pamba ya Kitswamba na kahawa ya Mahango akashusha Kasese. Alibeba samaki na chumvi akavuka mpaka wa nchi pale Mpondwe, akaenda Kasindi na mara nyingine mpaka Beni. Watu wa Bwera walimjua kwa mambo mawili. La kwanza ni usafi. Kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa nyeupe hata siku za vumbi, na ndani ya lori hakukosekana dumu la maji ambalo mtu mwingine hakuruhusiwa kuligusa, la kutawadhia tu. La pili ni sauti. Mzigo ukishafungwa, aligonga mlango wa lori kwa kiganja na kumwita taniboi wake, kijana wa kupakia na kushusha, kwa neno moja: "Twende."

Asubuhi moja, mwaka juzi, alikuwa anakagua magurudumu ya lori nje ya nyumba aliyopanga Bwera, akaanguka. Kilikuwa kiharusi. Alipotoka hospitali, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa lile moja. Akili ilibaki nzima. Alisikia Kiswahili, Lhukonzo na Luganda kama zamani, alijua leo ni siku gani, alijua nani kaoa na nani kafa. Lakini akitaka kusema naomba maji, lilitoka "twende." Akitaka kuuliza wajukuu hawajambo, "twende." Alijisikia akilisema, akajua silo alilokusudia, akajaribu tena, na likatoka lile lile.

Mkewe Jamira alikuwa ameshafariki. Mwanawe Shafik alikuwa Juba kwenye kazi za barabara. Aliyebaki karibu ni Rahmah, binti yake, mjane anayeuza vitenge soko la Mpondwe, anayeishi chumba kimoja cha ghorofani ambako watu hupanda kwa ngazi ya zege isiyo na pa kushikia. Rahmah alimuuguza baba yake humo miezi mingi. Asubuhi alimfungia mlango kwa nje akaenda kutafuta riziki, jioni akarudi kumwogesha na kumlisha. Siku aliyomkuta sakafuni, ameanguka tangu hajui saa ngapi na shavu limeganda kwenye saruji, ndipo alipokubali kusikiliza habari za Nyumba ya Pumziko.

Hii ni nyumba ya kutunzia wazee huko Kitswamba, inayoendeshwa na kanisa. Rahmah hakumpeleka baba yake kwa pupa. Alienda kwanza peke yake bila kutoa taarifa. Alinusa vyumba, akainua mashuka, akaonja bundu, ule ugali wa muhogo, akaangalia kama wazee wamekatwa kucha. Alimuuliza sista mkuu, mama mmoja wa makamo aitwaye Yayeri, kama Mwislamu atavutwa kanisani, na kama nguruwe hupikwa. Yayeri alimjibu yote kwa utulivu, akampeleka mpaka jikoni akaone mwenyewe. Rahmah alilia njia nzima ya kurudi Bwera, lakini moyoni alijua hajakosea.

Na kweli, nyumba ilikuwa nzuri. Magidu hakupigwa wala hakutukanwa. Alilazwa chumba kimoja na Bwambale, mkulima mzee wa Mahango, mtu wa kusema sana. Taabu ilianzia chooni.

Choo kilikuwa nyuma ya jengo, mbele yake kuna kizingiti cha juu. Wahudumu wa mchana walikuwa Proscovia na mwenzake, wanawake wawili kwa wazee wote, na Magidu ni mtu wa mwili mkubwa. Siku za mwanzo, akihisi haja, aliita. Proscovia alikuja haraka akitabasamu. Magidu akamwambia, "Twende. Twende." Proscovia akamfunika vizuri na kumbembeleza kwamba kesho wataenda nyumbani, leo apumzike, kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kitanda kikalowa. Ilipotokea tena na tena, Sista Yayeri akaamua avalishwe nepi, mchana na usiku. Mashuka yakabaki makavu, na mambo yakawa mepesi kwa kila mtu.

Kwake hayakuwa mepesi. Adhana ya msikiti wa sentani, kule madukani, ilimfikia kwa mbali, akajua sasa ni Adhuhuri, sasa ni Alasiri, naye amelala ndani ya mkojo wake. Labda sheikh angemwambia mgonjwa huswali alivyo. Lakini hakuwa na mdomo wa kumuuliza sheikh, na moyo wake ulikataa kusimama mbele ya Mungu katika hali ile. Akatafuta dawa yake mwenyewe. Aliacha kunywa.

Chai ikija, aligeuza uso ukutani. Maji yakija, alifunga meno. Kwa siku kadhaa nepi ilikaa kavu mpaka mchana, akaswali kwa macho, kwa furaha ya mtu aliyeiba kitu chake mwenyewe. Kisha midomo ikapasuka, kichwa kikaanza kuzunguka, na Yayeri akampigia Rahmah simu kumwambia mzee anajikatia tamaa. Wakamtundikia dripu. Maji aliyoyakataa mdomoni yakaingia kwa mshipa, nepi ikalowa kuliko mwanzo. Akaing'oa sindano kwa mkono wa kushoto. Wakaiweka tena, akaing'oa tena. Mwisho Yayeri aliagiza mkono ule ufungwe kwenye chuma cha kitanda. Proscovia aliufunga kwa kitambaa laini, bila kukaza, akimwomba radhi huku anafunga.

Basi mkono wa kulia ulikuwa umekufa, wa kushoto umefungwa, na mdomoni lipo neno moja ambalo kila mtu alishaamua maana yake. Bwambale aliwaambia wote waliopita, "Huyu mutu anataka kufia kwake. Mumupeleke." Rahmah naye aliamini hivyo. Kila Jumapili alipokuja, baba yake alimkazia macho na kusema "twende, twende" mpaka jasho likamtoka, na Rahmah alitazama pembeni. Ziara zake zikaanza kuwa fupi. Magidu aliona zinavyofupika, na hakuwa na la kufanya.

Katikati ya hayo ikatangazwa kwamba anakuja mgeni kutoka Kampala. Wafadhili wa nyumba walitaka kujua wazee wanatunzwaje, na ndugu za wazee wakaalikwa siku hiyo wasikie. Mgeni alikuwa mama aitwaye Ayaa, mtu wa Gulu aliyekulia kambini kwa baba yake askari. Lhukonzo hakijui, Kiswahili anacho. Rahmah alifunga kibanda chake sokoni akaja.

Asubuhi ile Proscovia alibadilisha mashuka yote, na kabla wageni hawajaingia akamfungua Magidu mkono. Magidu alilala akiwasikiliza wakitoka chumba hata chumba. Ayaa aliuliza kila mzee kama anashiba, kama analala pakavu, kama kuna anayempiga au kumkemea. Wazee walijibu vizuri, na mengi waliyosema yalikuwa kweli. Magidu alijua maswali yatafika kwake, na alijua litakalotoka.

"Mzee, hapa iko namna gani?" Ayaa alimuuliza akiwa ameinama. "Wanakuchunga muzuri?"

Magidu alikusanya nguvu zote. "Twende," akasema.

Yayeri alieleza kwa adabu kwamba mzee huyu hupakumbuka sana nyumbani, kisha akaongeza kwamba tangu afike hajapata kidonda hata kimoja cha kulala. Rahmah aliinamisha kichwa. Ayaa aliitikia, akaanza kugeukia kitanda cha Bwambale.

Magidu aliona mgongo wake. Alijua ukishatoka mlangoni, kile kitambaa kitarudi. Akatupa blanketi. Akapandisha shuka mpaka kiunoni, mbele ya mgeni, mbele ya masista, mbele ya binti yake mwenyewe, akavuta gundi ya nepi kwa vidole vya kushoto, upande mmoja, kisha wa pili. Akaichomoa na kuitupa sakafuni.

Proscovia alikimbia na blanketi. Yayeri akasema mzee amechanganyikiwa, wageni watoke kidogo. Magidu hakumtazama mtu. Aliweka kiganja ukutani, akajipaka usoni. Akakirudisha ukutani, akaupangusa ule mkono uliokufa, kuanzia vidoleni. Kisha akaanza upya.

Rahmah aliitambua tayamamu, ule udhu wa bila maji, akamshika Proscovia mkono. "Muache kidogo," akasema. Alimfunika baba yake mwenyewe, akapiga magoti karibu na mto. "Baba. Hii nepi ndiyo inakukataza kuswali?"

Magidu akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Na mayi? Unakataa mayi juu ya hii?"

Aliitikia, na Rahmah alipouliza kama "twende" yake ni choo, akaitikia tena na tena.

Baadaye Ayaa alimwomba Proscovia aeleze siku inavyokwenda tangu alfajiri, na Proscovia akaeleza bila hasira: nani ainuliwe, nani alishwe, nani aogeshwe. Mwisho akasema, "Sisi tuko wawili. Mimi nilimusikia anasema twende, nikajua ni nyumbani. Nani angeniambia ni choo?"

Mgeni alirudi Kampala. Nyumba ilisifiwa kwa usafi na chakula, ikashauriwa kuongeza mhudumu. Mhudumu huyo mpaka leo hajaja. Rahmah alimwagiza fundi seremala wa Bwera kiti cha mbao chenye tundu, ndoo ikae chini, akakipakia juu ya gari la mboga mpaka Kitswamba. Walikubaliana kwamba Magidu akisema "twende" huku anapiga godoro, haja imemshika. Mara nyingi Proscovia huwahi. Dripu iliondolewa, kitambaa hakikurudi tena kwenye chuma, na Adhuhuri na Alasiri Magidu huziswali akiwa safi, ameketi, amevaa kofia yake. Usiku ni habari nyingine. Mhudumu wa usiku ni mmoja na hawezi kumwinua, kwa hiyo jua likizama nepi hurudi.

Jumapili moja baada ya swala, Rahmah alisogeza kiti, akamuuliza jambo ambalo kwa miezi yote hiyo alikuwa analikwepa.

"Baba, nikurudishe kwangu? Nijibu kwa kichwa tu, usiseme."

Magidu alifikiri. Aliiona ngazi, akausikia mlango unavyofungwa kwa nje, akaukumbuka ubaridi wa saruji. Akapafikiria na hapa. Kisha akatikisa kichwa kukataa. Rahmah aliuliza tena, polepole, apate hakika, naye akakataa tena. Mabega ya Rahmah yalishuka kwa nafuu kabla hajaweza kuificha, na baba yake akaona.

Rahmah alimnywesha chai iliyobaki, akamfuta ndevu, akawahi gari la Bwera. Magharibi ilikuwa inakaribia. Proscovia aliingia na beseni na nepi safi begani, akamsalimia. Magidu akauinua ule upande wake mzima kumsaidia.